INJINI YA KUZUNGUKA: TUSIIZIKE INGALI HAI

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Juzi kwenye mjadala wa chama chetu nilisema kuwa injini ya petroli inayozunguka bado ina kesho. Jamani, nilichekwa hadi nikaketi! "Hiyo ilikufa zamani!" mmoja akapaza sauti. Leo najibu kwa kalamu, maana kalamu haizomewi.

Kwanza tuelewane. Injini tuliyoizoea ina pistoni zinazopanda na kushuka. Ile ya Mjerumani Felix Wankel, iliyonguruma mara ya kwanza mwaka wa 1957 katika kampuni ya NSU, haina pistoni wala vali. Ndani yake mna rota ya pembe tatu inayozunguka katika chumba chenye umbo la namba nane iliyonenepa kiunoni. Rota ikizunguka mara moja, petroli huwaka mara tatu. Ndiyo sababu injini hii ni ndogo, nyepesi, na haitetemeki sana.

Mbona basi haikuenea? Nakiri kwamba walionicheka wana sababu. Kwenye ncha za rota mna sili zinazokwaruza ukuta saa zote. Gari la NSU Ro 80 lilitoka mwaka wa 1967, likatawazwa Gari la Mwaka la Ulaya la 1968, lakini sili zake ziliwahi kuisha na wateja wakalia. Isitoshe, chumba cha kuwakia ni kirefu na chembamba. Moto haufiki pembeni vizuri, na petroli nyingine hutoka bila kuungua. Tena lazima ichome oili kidogo ili kulainisha sili. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka wa 1973, wengi waliikimbia. Mazda ya Japani ilishikilia, ikashinda mbio za Le Mans mwaka wa 1991 kwa gari la 787B. Hata hivyo, RX-8 yao nayo iliacha kuundwa mwaka wa 2012.

Hapo ndipo wenzangu wanapokomea. Mimi naendelea mbele. Mwaka wa 2023 Mazda iliirudisha katika gari la MX-30 R-EV, rota moja tu ya ujazo wa sentimita 830. Safari hii haisukumi magurudumu. Kazi yake ni kuzalisha umeme wa betri. Ni kama mchezaji aliyeshindwa kufunga mabao, akapelekwa golini, kumbe ni kipa hodari! Huko Marekani nako, kampuni ya LiquidPiston imeupindua mpango wa Wankel: chumba ndicho chenye pande tatu, na sili zimekaa ukutani badala ya kwenye rota, hivyo kuzipaka oili ni rahisi zaidi.

Mtasema, "Si dunia inahamia umeme? Petroli ya nini?" Hapo sibishi sana. Hapa Kenya umeme wetu mwingi hutoka kwa mvuke wa ardhini, maji na upepo. Gari dogo linalolala karibu na soketi halihitaji petroli. Lakini kilo moja ya petroli hubeba nishati mara nyingi kuliko kilo moja ya betri. Pale uzito ulipo adui, kama vile kwenye ndege ndogo zisizo na rubani, injini nyepesi bado ina kazi.

Siahidi miujiza. Isipojifunza kuchoma mafuta yake vizuri, itakuwa imejizika yenyewe. Ninachokataa ni ile tabia yetu ya kukitupa kitu, na hata mtu, kwa sababu alifeli mtihani mmoja. Wenzangu wa fizikia, tusiulize tu, "Je, kilishindwa?" Tuulize, "Kilishindwa kazi gani, na ipi kinaiweza?"

Mwanachama, Kidato cha Tatu