Tuite Lori Moja, Majirani

Majirani wa Kisii na Nyamira, tangi la majitaka likijaa, kila mmoja wetu huhangaika peke yake. Anaulizia namba ya simu ya lori la kunyonya, anatajiwa bei inayomkata maini, anaahirisha mwezi huu na ujao. Mwishowe mvua ya Aprili inamwamulia: udongo umeshiba, shimo la kunyonyea halipokei tena, na uchafu unachuruzika juu ya nyasi wanapocheza watoto.

Sehemu kubwa ya gharama hiyo ni safari. Lori lazima lipande hadi kwako, kisha lipeleke mzigo mahali pa kutibu, kama vile kwenye mabwawa ya Suneka. Anayeishi Nyanchwa mjini Kisii na anayeishi Ikonge kule Nyamira hawawezi kutajiwa bei moja. Lakini lori la lita 10,000 likinyonya tangi la lita 4,000, linaondoka na zaidi ya nusu tupu, na mwenye nyumba amelipia safari nzima. Baada ya wiki mbili jirani wa ng'ambo ya ua analiita lilelile na kulipa upya.

Wazee wetu walikuwa na risaga: leo walilima kwa huyu, kesho kwa yule. Naomba tuifufue kwa jambo hili. Nyumba za kilima kimoja ziandike orodha: nani ana tangi, la ukubwa gani, lilinyonywa lini mara ya mwisho. Wenye ploti za kupangisha wawemo, maana matangi yao hujaa upesi kuliko yetu. Mtu mmoja aulize bei kwa wenye malori kadhaa kwa niaba ya wote, kisha gharama igawanywe kwa lita. Keroka, mji uliokatwa na mpaka wa kaunti zetu mbili, ungefaa sana kutangulia.

Ila bei nafuu isitupofushe. Ukitajiwa nusu ya wanayotaja wengine, uliza mzigo utamwagwa wapi, na udai kuona leseni ya kusafirisha taka kutoka NEMA, mamlaka ya mazingira. Kinachomwagwa usiku katika mto Nyakomisaro kinaingia mto Riana, kisha Gucha, na huko chini kuna watu wanaochota. Chemchemi zetu wenyewe ziko chini ya miteremko hiyohiyo tunayojengea. Na kamwe tusimshushe kijana ndani ya tangi na ndoo ili tuokoe shilingi. Hewa ya mle huua kabla mtu hajaita, na anayemfuata kumwokoa hufa naye.

Serikali nazo zina deni kwetu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinatupa haki ya usafi wa kiwango kinachofaa, na huduma za maji na majitaka zimekabidhiwa kaunti. Tuwaendee wawakilishi wa wodi kwa pamoja, tudai bei za malori zitangazwe hadharani, na mahali halali pa kumwaga pawe karibu kiasi kwamba hakuna dereva atakayeshawishika kuutumia mto.

Januari na Februari barabara zetu za udongo bado hupitika. Ifikapo Machi lori litakwama kwenye utelezi. Basi orodha ianze kuandikwa Desemba, wakati ndugu zetu wa Nairobi wamerudi nyumbani na wenye ploti wanapatikana ana kwa ana.