Kemia Ogani Si Somo la Kukariri

Katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, kama ilivyo kwingineko, wanafunzi wa mwaka wa kwanza hurithishwa na waliowatangulia imani kwamba kemia ogani, yaani tawi linalochunguza kampaundi za kaboni, ni somo la kukariri, na kwamba afauluye ni yule awezaye kuhifadhi kichwani mamia ya mimenyuko, yaani mabadiliko yanayogeuza dutu moja kuwa nyingine. Imani hiyo ni potofu, na madhara yake yanazidi ugumu wa somo lenyewe, kwa kuwa humfanya mwanafunzi ayatupe maarifa ya kemia ya awali mara tu mtihani unapokwisha, ilhali hayo ndiyo yangemtua mzigo huo.

Mfano ulio wazi ni kundi la kabonili, ambamo atomu ya kaboni imeunganishwa na ya oksijeni kwa bondi maradufu. Kemia ya awali hufundisha elektronegativiti, yaani nguvu ya atomu kuvutia upande wake elektroni za bondi, ambayo katika kipimo cha Linus Pauling ni 3.44 kwa oksijeni na 2.55 kwa kaboni. Kwa hiyo elektroni huelemea kwenye oksijeni, kaboni ikabaki na upungufu, nayo ikawa shabaha ya nyukleofili, yaani chembe yenye jozi ya elektroni iliyo tayari kuunda bondi mpya. Ndiyo maana mafuta ya nazi yakichemshwa na hidroksidi ya sodiamu hugeuka sabuni, na ndiyo maana asidi ya salisili ikichanganywa na anhidridi ya asetiki huzaa aspirini. Aliyekariri huyaandika mambo hayo katika kurasa mbili zisizojuana. Aliyeelewa huona tukio lilelile likijirudia.

Hata sababu ya kuchagua anhidridi badala ya esta ya kawaida imo katika somo la asidi na besi. Kiwango cha pKa, ambacho kadiri kinavyopungua ndivyo asidi inavyokuwa kali, ni 4.76 kwa asidi ya asetiki na takriban 16 kwa ethanoli, na kwa kuwa kila hatua moja ni tofauti ya mara 10, asidi hiyo inaishinda ethanoli kwa zaidi ya mara bilioni 100. Ioni ya asetati, ambayo anhidridi huiachia, hugawa chaji yake kwa oksijeni mbili, hivyo hutulia na kujitenga kwa urahisi, ilhali ioni ya ethoksidi, ambayo esta ya ethanoli ingeiachia, huibeba chaji yote juu ya oksijeni moja.

Watetezi wa kukariri watasema kwamba hakuna ajuaye kemia bila kukumbuka majina ya makundi na vitendanishi vyake. Ni kweli, lakini anayejifunza Kiswahili naye hukariri ngeli, wala hakariri kila sentensi atakayoitamka. Aliyemeza kanuni kwamba halidi ya alkili na hidroksidi huzaa alkoholi atapatia kwa bromomethani, kisha atakosea kwa 2-bromo-2-methilipropani, ambayo kaboni yake imezingirwa na makundi matatu ya methili yanayoziba njia ya shambulio, hata hidroksidi ikaishia kunyakua protoni ya jirani na kuzalisha alkeni. Tofauti za aina hiyo zilifafanuliwa na Edward Hughes na Christopher Ingold jijini London katika miaka ya 1930, na walichotoa ni sababu, si orodha.

Imani hii inaendelea kuishi kwa sababu mitihani mingi huithibitisha: maswali ya miaka iliyopita hurudiwa, na alama hutolewa kwa kutaja zao la mmenyuko bila kueleza lilivyopatikana. Kila mtihani unapaswa kuwa na kampaundi ambayo mwanafunzi hajawahi kuiona, na alama nyingi zaidi ziende kwa mishale iliyopinda inayoonesha mwendo wa elektroni, mtindo ulioanzishwa na William Kermack na Robert Robinson mwaka 1922. Mhadhiri anayetunga mtihani wa kumbukumbu, kisha akalalamika kwamba wanafunzi wake hawafikiri, analalamikia matokeo ya kazi yake mwenyewe.