Mtoto asiyesikia vizuri si mkaidi

Ukifika katika shule ya msingi kule Mwingi, Mutomo, Kibwezi au Mbooni, mwulize mwalimu wa gredi ya pili ni mtoto yupi anayemsumbua. Huenda akakuonyesha yule anayeketi nyuma, ambaye huitwa mara tatu kabla ya kuitika, na ambaye mwalimu akisoma "saa" yeye huandika "taa". Mwalimu atakwambia hana bidii. Nyumbani mama atasema ana kichwa kigumu. Ni wachache watakaouliza swali ambalo lingefaa kuulizwa kwanza: je, mtoto huyu anasikia?

Yako magonjwa mawili ya masikio ambayo kila mzazi wa Ukambani anapaswa kuyafahamu.

La kwanza halina dalili za kutisha. Nyuma ya kiwambo cha sikio pana nafasi ndogo ambayo hupata hewa kupitia mrija mwembamba unaotokea nyuma ya pua. Mtoto akishikwa na mafua mara kwa mara, au akiwa na vinyama vilivyovimba nyuma ya pua, mrija huo huziba. Hewa hukosekana na mahali pake hujaa maji, ambayo baadaye huwa mazito kama gundi. Mtoto halii kwa maumivu wala sikio halitoi usaha, lakini sauti humfikia kama ya mtu anayesema nyuma ya ukuta. Leo anasikia kidogo, kesho hasikii. Hapo ndipo watu wazima husema anajifanya.

La pili tunalijua sote, nalo ni sikio linalotoka usaha. Kiwambo kimetoboka, usaha unatiririka kwa majuma au miezi, na wenzake wanamkimbia kwa sababu ya harufu. Jambo la kusikitisha ni kwamba jamii nyingi zimezoea usaha huo. Utasikia susu akisema, "Hata babake alikuwa hivyo, ataacha akikua." Wengine humwaga sikioni mafuta ya kupikia, maji ya majani au maziwa ya mama. Tafadhali, usitie kitu chochote sikioni ambacho hukupewa na mhudumu wa afya.

Matibabu ya magonjwa haya mawili hayafanani, na hapa ndipo pesa nyingi za wazazi hupotea. Yale maji mazito hayahitaji antibiotiki wala dawa za mafua za kunywa. Kwa watoto wengi hukauka yenyewe katika muda wa miezi mitatu. Kinachotakiwa ni mtoto apimwe, asubiriwe, kisha apimwe tena. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2015 ulionyesha kuwa baadhi ya watoto wa shule hupata nafuu wakipuliza puto maalum kwa pua mara kadhaa kwa siku. Maji yasipokauka na mtoto akiendelea kutosikia, daktari wa masikio anaweza kutoboa kiwambo na kuweka kijibomba kidogo mno cha plastiki ili hewa ipite.

Usaha nao unataka kukaushwa na kutiwa dawa ya matone. Sokota kitambaa safi kinachofyonza maji kiwe kama utambi, kiweke sikioni, kitoe kikilowa, rudia mpaka sikio likauke. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Usitumie njiti ya kiberiti wala kijiti chenye pamba.

Lakini kukausha peke yake hakutoshi. Jambo hili lilithibitishwa hapa hapa Kenya. Utafiti uliofanyiwa watoto wa shule za Kiambu na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa karibu nusu ya waliokaushwa masikio na kupewa dawa waliacha kutoka usaha baada ya majuma 16. Miongoni mwa waliokaushwa tu, walioacha walikuwa karibu mmoja kati ya watano, sawa na wale ambao hawakutibiwa kabisa. Leo dawa inayopendekezwa ni matone ya aina ya siprofloksasini, kwa majuma mawili. Usijinunulie matone yoyote dukani, kwani yenye gentamisini yanaweza kuharibu sikio la ndani iwapo kiwambo kimetoboka. Na ukiona uvimbe nyuma ya sikio, homa kali, kuumwa sana na kichwa au uso uliopinda, mkimbize mtoto hospitalini siku hiyo hiyo.

Sasa nije kwa viongozi wetu. Kwa maoni yangu, kila mtoto wa Kitui na Makueni apimwe masikio kabla ya kuingia gredi ya kwanza, na jambo hili liwe la kawaida kama kadi ya chanjo.

Zipo sababu za kudai hivyo. Katiba ya mwaka 2010 ilizipa kaunti zahanati na hospitali zake, na ikazipa pia shule za chekechea. Tangu mwaka 2013 mtoto wa chekechea na muuguzi wa zahanati wako chini ya gavana mmoja. Hakuna wizara mbili za kusukumiana barua. Makueni ilipoanzisha MakueniCare mwaka 2016, familia ikilipa shilingi 500 kwa mwaka, ilionyesha kwamba kaunti ikitaka inaweza.

Najua jibu litakalotolewa: kuna ukame, kuna njaa, maji hayapo, na wataalamu wa masikio wako Nairobi. Ni kweli kwamba kumtoa mtoto Tseikuru au Ikutha hadi Nairobi ni gharama kubwa kwa mkulima wa ndengu. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kumgundua mapema. Kifaa cha kuchungulia sikio hushikwa kwa mkono mmoja. Chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, hufundisha maafisa wa kliniki wa masikio, pua na koo. Afisa mmoja kama huyo akizunguka shule za chekechea wadi baada ya wadi, wengi watatibiwa karibu na nyumbani, na wachache tu ndio watakaohitaji safari.

Wewe mzazi usingoje kaunti. Simama nyuma ya mtoto, umbali wa mkono mmoja, mwambie azibe sikio moja, kisha mnong'oneze maneno ayarudie. Fanya vivyo hivyo kwa sikio la pili. Akishindwa, mpeleke zahanati. Mnyonyeshe mtoto mchanga, usimpe chupa akiwa amelala chali, mweke mbali na moshi wa jikoni na wa sigara, na umalize chanjo zake, ikiwemo ya nimonia iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011.

Nawe mwalimu, yule wa nyuma mlete mbele, umtazame usoni unapozungumza, na umwandikie mzazi wake barua. Kiboko kilipigwa marufuku mwaka 2001, na hata kabla ya hapo hakikuwahi kuzibua sikio la mtoto.