Wanne wa kumbeba mgonjwa

Swali la juma hili latoka Soweto West, Kibera, nalo si swali la kuwekwa kiporo. Dada mmoja ana mdogo wake ambaye amekuwa akimeza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi kwa miaka minne. Alikuwa na nguvu zake, akienda kufua nguo za watu na kujilipia kodi ya nyumba. Kisha akaenda kuombewa. Mhubiri akamwambia amepona, na kwamba kuendelea kumeza tembe ni kumfanya Mungu mwongo. Majuma matatu sasa kopo la dawa liko chini ya kitanda. Dada mtu auliza: nikimwambia arudi kliniki, nitakuwa nimeivunja imani yake?

La hasha, dada yangu. Na kwa kuwa majuma matatu ni mengi, niruhusu nianze na dawa kabla sijafungua Biblia.

Tembe hizo, ambazo kwa wengi siku hizi ni moja tu kwa siku, haziviondoi virusi vyote mwilini. Kazi yake ni kuvizuia visizaane. Mtu akizimeza vyema, kipimo cha damu husema kuwa virusi havionekani, na hapo ndipo wengi hupotoshwa. Karatasi ya kliniki husomwa mbele ya kanisa kama ushuhuda, vigelegele vikapigwa, ilhali virusi vimejificha vikingoja dawa zikatizwe. Zikikatizwa, kwa kawaida hurudi katika muda wa majuma machache, na pengine vikiwa vimeizoea dawa. Tena mwenye virusi visivyoonekana hamwambukizi mwenzake katika tendo la ndoa. Akiacha dawa, kinga hiyo nayo huondoka.

Kifua kikuu kina mtego uo huo. Dawa zake za kawaida humezwa miezi 6, na hutolewa bure katika hospitali za serikali. Lakini mwezi wa pili haujaisha, kikohozi kimenyamaza na mgonjwa anakula ugali kama zamani. Akiacha hapo, viini vilivyosalia hugeuka sugu, na katika chumba kimoja cha mabati wanamolala baba, mama na watoto, hawezi kuwa mgonjwa peke yake.

Wazee wa Kibera wanakumbuka siku ambapo dawa hizi zilikuwa za matajiri. Katika miaka ya 1990 mtu akilala kitandani, kanisa lilikesha likimwombea, kisha likachanga pesa za kupeleka maiti nyumbani. Mnamo 2003 Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa za Ukimwi bila malipo papo hapo Kibera, na mwaka wa 2006 serikali ikaondoa ada ya dawa hizo katika hospitali zake. Madaktari hao waliondoka mwaka wa 2017 wakiikabidhi Kaunti ya Nairobi kazi yao. Nauliza tu: wale waliokesha wakilia mbele za Mungu miaka hiyo, walikuwa wakiomba nini? Sioni vipi jibu likija ndani ya kopo tuseme si jibu.

Wala tusijidanganye kuwa upotovu huu ni wa wajinga. Mwaka wa 2011 watu wa kila tabaka, na magari yao makubwa, walifunga safari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Kikombe kilikuwa shilingi 500 za Tanzania. Wakenya hawakubaki nyuma. Wako wagonjwa waliofia foleni, na wako waliotupa dawa zao wakiamini wamepona.

Mimi naamini Mungu huponya, na sitaki msomaji anielewe vingine. Yakobo 5 yaagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta, na agizo hilo halijafutwa. Lakini soma Luka 17. Wale wenye ukoma kumi, Bwana aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani. Kwa nini makuhani? Kwa sababu katika sheria ya Musa, kama Walawi 14 inavyoeleza, kuhani ndiye aliyemchunguza mwenye ukoma na kusema kama ametakasika au la. Yaani Yesu mwenyewe aliwapeleka kupimwa! Mhubiri anayemkataza mtu asirudi kliniki amejifunza wapi? Paulo naye, ambaye mikono yake iliponya wengi, alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, na hatusomi popote kwamba alimlaumu kwa imani haba.

Kisa ninachokipenda zaidi kwa jambo hili ni cha Marko 2. Watu wanne walimbeba mwenzao aliyepooza, wakakuta mlango umejaa, wakapanda juu na kutoboa dari. Marko asema Yesu aliitazama imani yao, wale waliobeba. Kuhusu imani ya mgonjwa hasemi neno. Huenda hata alikuwa amekata tamaa.

Basi, dada yangu, usimhukumu mdogo wako wala usigombane naye juu ya mchungaji wake. Mwambie hivi: kama umepona, kupimwa hakutakuondolea uponyaji. Mwende Jumatatu asubuhi mapema, kabla ya foleni. Achukue kadi yake na lile kopo na tembe zilizobaki, na amwambie muuguzi ukweli kuhusu siku alizoacha, kwani wao ndio watakaoamua aanze vipi tena. Akiwa anakohoa au anatoka jasho usiku, alitaje pia. Wauguzi wamewapokea wengi waliorudi, naye hatakuwa wa kwanza.

Wewe ni mmoja wa wale wanne. Tafuta watatu katika kanisa lenu. Mmoja abaki na watoto. Wa pili amshikie kazi ya kufua siku hiyo, maana kibarua kikikosa siku moja, jioni hakuna unga. Wa tatu awe mzee wa kanisa au mama wa maombi anayeheshimiwa na huyo mdogo wako. Aje alfajiri, aombe nanyi mlangoni kabla hamjatoka, na jioni arudi kuuliza daktari amesemaje.