Povu la Sabuni ni Maabara

Wanafunzi wenzangu, yapo maneno yasemwayo mara nyingi shuleni: "Sayansi hatuiwezi, kwani vifaa hatuna." Ni kweli kemia haiendi bila dawa. Lakini kwa somo la nuru, maneno hayo mimi siyakubali.

Nuru husafiri kama mawimbi. Nendeni mwalo wa Mwigobero, hapa Musoma, mkatazame mawimbi mawili yakikutana. Kilele kikipata kilele, maji huinuka zaidi. Kilele kikipata bonde, maji hutulia. Nuru nayo ni vivyo hivyo. Ila nuru ya kijani hutikisika mara zipatazo trilioni 550 kwa sekunde, na vifaa vya kawaida hupima ukali wake tu. Havitambui kama wimbi liko kileleni au bondeni. Basi hatua hiyo ya wimbi itapimwaje? Kwa kulinganisha nuru na nuru. Zikienda sambamba, pana mwangaza. Zikiachana kwa nusu wimbi, giza.

Tazameni mafuta ya mashua yaliyotanda juu ya maji. Nuru moja hurudishwa na uso wa juu wa mafuta, nyingine na uso wa chini. Zikikutana, rangi huonekana. Aliye Bunda au Butiama, mbali na ziwa, na apulize povu la sabuni. Sababu ni ile ile.

Mwaka 1803 Thomas Young wa Uingereza alionyesha jambo hili kwa kipande chembamba cha kadi katika mwale wa jua. Tarehe 14 Septemba 2015, mitambo ya LIGO huko Marekani, yenye mikono ya kilomita 4, ililinganisha nuru ya leza kwa njia hiyo hiyo, ikanasa mtikisiko uliotokana na mashimo meusi mawili yaliyoungana huko angani. Hata hivyo upimaji huu una mpaka. Nuru huja kwa chembe ziitwazo fotoni, na kadiri idadi yake ijulikanavyo barabara, ndivyo hatua ya wimbi inavyozidi kufichika.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu: somo la nuru lisipite bila jaribio, hata la sabuni. Nanyi wazazi, mkimwona mtoto akipuliza mapovu uani, msimkemee kwamba anacheza. Mwulizeni rangi zile zimetoka wapi. Akishindwa kujibu, arudi akatazame tena.