Damu kwa Kiswahili, Majibu kwa Kiingereza

Mtu aiachaye barabara kuu ya Mbeya na Iringa pale Igawa, akashika njia ya Rujewa, huingia katika nchi ya mpunga. Huko Usangu watu huinama majini tangu kupandikiza hata kuvuna. Kwenye kingo za majaruba na katika mashamba makavu wanaye adui mmoja asiyechoka, naye ni ndago, gugu lenye vinundu ardhini, ambalo likikatwa juu huchipua tena kutoka chini. Ndago hung'olewa, hurundikwa, hukauka, huchomwa moto.

Mwaka 1990 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao walitangaza habari za gugu hilo. Walikuwa wamekusanya mimea ya dawa ya Tanzania, wakatoa dondoo zake, wakazijaribu katika maabara juu ya vijidudu vya malaria vilivyokwisha kuwa sugu kwa dawa za zamani. Dondoo ya vinundu vya ndago ilikuwa miongoni mwa chache zilizovishinda vijidudu hivyo kwa kipimo kidogo kabisa. Kazi ilikuwa njema, na heshima yake haipunguzwi na neno lolote nitakalolisema hapa. Lakini ilichapwa kwa Kiingereza katika Planta Medica, jarida la Ujerumani, na hapakuandikwa ndani yake sentensi moja kwa ajili ya mpalizi wa Rujewa.

Huenda msomaji akanijibu kwamba wakati ule Kiswahili kilikuwa hakina maneno ya kazi hiyo. Basi na atazame tarehe. Mwaka uo huo wa 1990, juu ya kilima kile kile cha Mlimani, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Mwaka 2003 ikafuata Kamusi ya Tiba. Maneno yalikuwapo, na kutoka maabara ya kemia hata taasisi ya Kiswahili ni mwendo wa miguu. Kilichokosekana ni mtu wa kuvuka ua.

Dhuluma hii huonekana wazi zaidi katika utafiti wa tiba, kwa maana huko kitu kinachochukuliwa si jani wala mzizi. Mtafiti atakaye damu ya Mtanzania humletea kwanza fomu ya ridhaa, na fomu hiyo sharti iwe ya Kiswahili. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi, kisha hutia dole gumba. Utaratibu huo ni wa haki na nausifu. Hapo hakuna bingwa anayelalamika kwamba Kiswahili ni maskini, kwamba hakiwezi kueleza virusi, kinga ya mwili, madhara ya dawa au haki ya kujitoa. Lugha hutosha kwa kila jambo mpaka sindano itoke mkononi. Siku ya majibu ndipo tunapoambiwa ghafula kwamba haitoshi.

Tuchukue mfano wa mkoa huo huo wa Mbeya. Kuanzia mwaka 2006 hata 2011 watafiti wa Mbeya na wenzao wa Munich walifuatilia afya ya maelfu ya wakazi wake, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2016 matokeo ya Kyela yalitokea katika Lancet, jarida la London: watu waliokuwa na minyoo ya matende waliambukizwa virusi vya UKIMWI kwa kadiri iliyozidi mara mbili ya wale wasiokuwa nayo. Hilo ni jambo zito. Ni jambo la kusemwa mnadani, msikitini, kanisani na katika kila zahanati ya ufuko wa Nyasa, tena kwa maneno yanayopimwa vizuri, maana uhusiano wa magonjwa mawili haujawa bado ushahidi kwamba moja humzaa mwenzake. Makala ile, pamoja na uangalifu wake wote, imeandikwa kwa lugha ya daktari na daktari mwenzake.

Wapo wanaohofu. Husema: mwambie mkulima kwamba ndago huua vijidudu vya malaria, na kesho atachemsha vinundu na kuiacha dawa mseto. Hofu hii naiheshimu, lakini dawa yake si kimya. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, huko Loliondo, kunywa kikombe cha mugariga kwa shilingi 500, na wengine waliacha dawa za hospitali. Je, walipotoshwa na makala za kemia? Walikwenda bila kuelezwa na mtu, kwa lugha waijuayo, dawa hujaribiwaje: kwamba kitu kinachoua kijidudu ndani ya chupa huenda kisifike katika damu, au kikafika na kuliumiza ini, na kwamba kati ya chupa na mgonjwa ipo njia ndefu ya majaribio. Somo hilo ndilo kiini cha makala ya ndago, na ndilo lililofichwa pamoja nayo.

Wengine husema sayansi haiendi pasipo Kiingereza. Dawa mseto wanayopewa wagonjwa wa Rujewa ina asili ya artemisinini. Iligunduliwa China katika miaka ya 1970 na Tu Youyou na wenzake, naye Tu aliongozwa na kitabu cha kale cha tiba cha Kichina. Umbo la kemikali hiyo lilitangazwa kwanza mwaka 1977 kwa Kichina. Ulimwengu ulitafsiri, na mwaka 2015 ukampa bibi yule Tuzo ya Nobel.

Sidai kwamba wanakemia wetu waache kuandika Kiingereza. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa majarida ya ng'ambo, na ni nani atakayemlaumu mtu kwa kufuata njia iendayo kwenye mkate? Nawalaumu waliochora njia hiyo. Na sisi wa idara za Kiswahili tunayo sehemu yetu: tumeunda istilahi kwa bidii, tukazipanga kwa alfabeti, tukazifungia kabatini kama vyombo vya arusi ambavyo mwenye nyumba haruhusu viliwe.

Ninachodai ni kidogo. Kibali kile kile kinachoshurutisha fomu ya Kiswahili mwanzoni mwa utafiti kishurutishe na kurasa mbili za Kiswahili mwishoni mwake, zenye kueleza nini kilitafutwa, nini kilionekana, na nini bado hakijajulikana. Zipelekwe hospitali ya wilaya, shule za sekondari na ofisi za vijiji ambako damu au mimea ilitoka. Chuo kizihesabu kurasa hizo katika kumpandisha mtu cheo. Mwanakemia na mwalimu wa Kiswahili waziandike katika meza moja, kila mmoja akimzuia mwenzake asijifiche nyuma ya maneno yake.

Makala ya ndago ipo, na kamusi ipo. Mwanafunzi mmoja wa uzamili, akipewa likizo ya mwezi na msimamizi mkali, angekuwa amezimaliza kurasa mbili za Rujewa kabla ya palizi ijayo.