Utandawazi Umo Hata Bombani



Likitajwa neno utandawazi, wengi wetu hukimbilia kusema dishi, suruali za kubana na miziki ya kigeni. Hata sisi walimu tumezoea kuwaonya kwa hayo tu. Mimi naona tumeacha jambo zito zaidi: nani anaamua serikali impe raia huduma gani, na kwa bei gani.

Chukueni mfano wa maji ya Dar es Salaam. Mabomba yalikuwa yamechakaa, maji yakivuja njiani, na maskini wakinunua ya madumu kwa bei kubwa kuliko aliyeungiwa bomba. Serikali ilikuwa imeelemewa na madeni. Benki ya Dunia ilikuwa tayari kukopesha na kusamehe, lakini kwa sharti kwamba maji ya mji yaendeshwe na kampuni binafsi. Basi Agosti 2003 yakakabidhiwa City Water, kampuni ya Waingereza, Wajerumani na mbia wa hapa nchini, kwa mkataba wa miaka 10. Haukutimiza hata miwili. Mei 2005 serikali ilitangaza kuuvunja, ikisema kampuni haikutimiza ahadi.

Sisemi kila kitokacho nje ni balaa. Mwaka 2001 msamaha wa madeni uliisaidia serikali kufuta ada ya shule za msingi, na watoto wengi wa maskini wakaingia darasani. (Ingawa ile sera ya kuchangia gharama shuleni na hospitalini ya miaka ya 1990 ilisukumwa na wakopeshaji hao hao.) Wala viongozi wetu hawakushikwa mkono kutia saini.

Wabia wa kigeni waliishtaki Tanzania kwenye kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia, Washington. Julai 2008 wasuluhishi watatu waliamua kuwa Tanzania imevunja mkataba wake na Uingereza wa kulinda wawekezaji, ila hawakutoa fidia. Tulinusurika.

Nilipoisimulia kesi hii darasani, kijana mmoja aliuliza: "Ustadh, hao watatu nani aliwachagua?" Nikamweleza kwamba kampuni huteua wake, na serikali wake, kisha hutafutwa mwenyekiti.

"Na wanaonunua madumu?"

Nikamwambia mashirika ya wananchi yaliruhusiwa kuandika maoni yao, lakini kuingia vikaoni yalikataliwa.